Chokaa Yanitosha

Fundi anayenihudumia tangi la matumbawe la maji chumvi hapa Mombasa hachoki kunishawishi ninunue chupa mbili za ng'ambo, moja ya kalsiamu na nyingine ya kupandisha alkali. Kila mara namjibu kwamba chokaa yanitosha.

Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti. Maji ya chokaa huleta kalsiamu, na hidroksidi yake ikikutana na hewa ya ukaa tangini huwa kaboneti, kwa uwiano uleule tumbawe linaoutaka. Wazee wetu walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea. Sisi twayarudishia deni kwa matone.

Ila si chokaa ya dukani kwa rangi za ukuta, ile ina uchafu. Natafuta hidroksidi safi ya kalsiamu. Lita moja ya maji huyeyusha gramu moja na nusu hivi. Masimbi huachwa chini. Yanayoingia tangini ni yale maangavu ya juu tu, tone kwa tone, usiku, wakati pH ya tangi hushuka. Mwenye papara ataua samaki, maana pH ya maji hayo hupita 12. Chombo nacho kifunikwe, la sivyo hewa hugeuza chokaa utando usiofaa kitu.

Na kwa joto letu, maji yanayokauka ni mengi, basi nafasi ya kuongeza maji ya chokaa ipo tele. Tangi likijaa matumbawe yakuayo kasi, hapo namkubalia fundi: chokaa peke yake haitafika.