Fundi, Usifute Kwanza

Madabodi ya kompyuta ikiungua, mafundi wengi hukimbilia kufuta diski na kupiga Windows upya. Hapa madrasa tulipoteza alama za muhula mzima kwa njia hiyo. Zama za Windows XP ya 2001 walikuwa na udhuru, kwani mara nyingi iligoma kwenye madabodi ngeni. Tangu Windows 10 ya 2015, kwa kawaida huwaka na kujitafutia draiva. Huenda ikadai leseni, basi. Mwambieni fundi atoe diski, anakili mafaili kwenye kompyuta nyingine, kisha ajaribu kuwasha. Diski iliyofungwa kwa BitLocker inahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Uandikeni sasa, kompyuta ingali nzima.