Mungu Angojee Diploma Yetu?



Katika shule yetu kuna neno moja tunalosemaka sana, zaidi sisi wafinalisti: «Kwanza diploma, kazi ya Mungu nyuma.» Ukimwomba mtu aingie korali, jibu ni hilo. Ukimwomba afundishe watoto siku ya Mungu, anasema: «Ngoja kwanza nimalize ekzameni ya Leta.» Aliyemaliza naye anasema ngoja nipate kazi, kisha ngoja nioe, kisha ngoja watoto wakomae. Halafu kule kwenye viti vya nyuma kanisani utasikia mzee: «Sisi tumechoka, ile kazi iko ya vijana.» Sasa ni nani anabaki?

Siandiki kama mtu mwenye haki. Mimi mwenyewe nilikuwa na watoto ninaowafundisha, nikawaacha tangu mwezi wa kumi, nikisema ni juu ya masomo. Lakini nisiseme uongo. Ile saa ya asubuhi ya siku ya Mungu sikufungua kaye hata moja. Nilikuwa nalala.

Mtu akitajiwa Samweli mtoto, ao Kalebu mwenye miaka 85, anasema hayo ni mambo ya Biblia, ya watu wa zamani. Haya, tushuke Boga basi. Boga ni hapa kwetu, teritwari ya Irumu kama Bogoro. Huko liko kaburi la Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mwaganda, Mwanglikana, kwa hiyo si wa kanisa letu wengi wetu, lakini alitembea katika nchi hii hii. Alibatizwa mwaka wa 1895, naye alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 30. Hakusema ngoja nikue kwanza katika imani. Mwaka wa 1896, hata miaka miwili haijapita, alikuwa amekwisha kufika Boga, akihubiri. Chefu Tabaro alimkataa. Ndugu mwanamke wa chefu alipoangukia mkuki na kufa, Apolo alisingiziwa, akapigwa, akatiwa gerezani. Aliachiliwa, na nyuma Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Hiyo ndiyo sehemu inayohubiriwaka. Mimi inanishangaza zaidi ile ya nyuma. Karibu mwaka wa 1921 Apolo alikuwa na miaka zaidi ya 50, amekwisha kuwa pasta wa miaka mingi. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni. Kwa akili yetu, hapo mtu anaweka kiti mbele ya nyumba na kungoja kusalimiwa. Yeye aliingia pori kutafuta Wambuti, watu ambao wengi waliwazarau (na tuseme kweli, hata leo wengine kati yetu tunawazarau). Alianza upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa watu wenye luga ingine na desturi ingine. Alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa tano 1933. Alikuwa ameomba kichwa chake kielekee magaribi, kwenye pori, kinyume cha desturi ya kuzika, sababu kule kazi ilikuwa haijaisha.

Ninajua waalimu watauliza: «Unataka watoto waache masomo?» Hapana. Mwanafunzi anayeimba kila jioni na kufeli kila mwaka, simsifu. Kusoma vizuri bila kuiba majibu, hiyo nayo ni kumtumikia Mungu katika umri wetu, na pengine ni ngumu kupita korali. Ninachokataa ni kutumia masomo kama mlango wa kujifichia.

Kuna neno lingine ambalo naliandika kwa uzito. Tarehe 24 mwezi wa pili 2003, vita ilipiga kijiji chetu. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini kila nyumba hapa inajua. Watu walikufa hata ndani ya vyumba vya shule: watoto, vijana, wamama, wazee. Kati yao hakika wako waliosema «nitafanya kesho». Siwahukumu, Bwana anawajua. Ila mimi mtoto wa Bogoro, nikisema «nyuma ya diploma», nani alinipa hiyo nyuma?

Basi siku ya Mungu iliyopita nilirudi kwa wale watoto. Nilifikiri watakuwa wametawanyika. Nilimkuta mama mmoja mjane, mzee sana, hajui kusoma, ameketi katikati yao akiwafundisha kuimba. Aliwashika miezi yote hiyo. Hakunigombeza, alisema tu: «Karibu mwalimu, mimi nyimbo zangu zimeisha.»

Tunaanza saa mbili kamili, chini ya mwembe. Chaki hakuna, mwenye nayo alete.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita