Tope la Kulipia

Wacha nianze na dhambi yangu mwenyewe. Mwaka jana niliandika sentensi hii kwa pesa: "Njoo uitoroke dunia, maji ya mlima yakuoshe mpaka rohoni." Hoteli iliipenda. Nusu ya malipo yangu ilikuwa chapaa, nusu ilikuwa kulala siku mbili bure kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya, chumba chenye moto wa kuni, bwawa la maji ya uvuguvugu na spa ya vioo inayotazama ukungu. Meneja alitaka watu wapaone kama Alps. "Alps ya Ikweta," akaniambia, "andika hivyo." Nikaandika. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kodi ya nyumba haijui maadili.

Siku ya pili nikapakwa tope. Dada aliyenihudumia akaniambia kwa upole kwamba linatoa sumu mwilini. Nikacheka, akashtuka, akauliza kama ananitekenya. Nikamwambia, "Hapana dadangu. Kwetu tope huingia lenyewe, tena bila miadi."

Kwetu ni Kulesa, Tana River. Ukitoka pale hotelini ukafuata maji, Thiba itakupeleka hadi bwawa la Kamburu, na Tana itakuteremsha mamia ya kilomita hadi mlangoni kwa mamangu. Novemba 2023 maji hayo yalipita mlangoni bila kubisha. Mama alihamia mahali pa juu na godoro moja, sufuria mbili na mbuzi. Masika ya 2024, bwawa la Masinga likafurika, akahama tena. Aliponipigia hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko juu mvua imekatika?" Kwa sababu Kulesa unaweza kuzama chini ya jua kali, kwa mvua ambayo hukuiona ikinyesha.

Kwa hiyo mtu akiniambia mlima ni "asili isiyoguswa," nashikwa na hasira. Haijaguswa na nani? Kati ya mlima na sisi kuna mabwawa matano: Kindaruma ya 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga, hadi Kiambere ya 1988. Sehemu ya stima ya taa za ile spa, na maji ya mifereji ya Nairobi karibu yote, vinadaiwa na bonde hili. Huu mto umeguswa mpaka umechubuka.

Najua jibu lenu. Mabwawa hayaumbi mvua. Kweli. Tena kuna mito kama Mutonga inayotoka mlimani na kuingia Tana chini ya mabwawa yote, haizuiwi na mtu. Lakini waulizeni wazee Wapokomo. Mafuriko zamani yalikuwa mgeni anayetarajiwa: yanakuja, yanaacha rutuba, yanaondoka, mpunga unapandwa kwenye unyevu wake. Mabwawa yaliivuruga ratiba hiyo na kubakisha sehemu kubwa ya udongo huko juu. Siku hizi miaka mingine maji hayaji kabisa, na yakija makubwa yanakuja kama polisi. Faida ya mto imepanda mlima, hasara imeteremka na maji.

Na mtu asiseme haiwezekani kulipana kwa sababu ya maji. Tangu 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaosaidia wakulima wa juu kutunza udongo ili mji upate maji safi. Wazo zuri sana. Lakini sikiliza jina lenyewe: linaanzia juu na kuishia Nairobi. Mto hauishii Nairobi, wasee. Hata haupiti Nairobi.

Sichukii mapumziko. Mamangu ana miaka zaidi ya hamsini na hajawahi kukandwa mgongo na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ningempeleka kesho. Ninachokataa ni starehe inayouzwa kama vile maji yanazaliwa kwenye bomba la hoteli na kufia kwenye shimo la bafu. Anayeuza mto kwa bei ya usiku mmoja atenge sehemu ya bei hiyo kwa wanaokaa mwisho wa mto. Anayesimamia mabwawa ahakikishe tahadhari inafika kijijini kwa Kipokomo na Kiorma, tena ifike na lori. Tahadhari isiyo na usafiri ni umbea tu.

Na sisi tunaoandika? Kila mara wimbo wa taifa ukipigwa, nchi nzima inasimama wima kwa sauti iliyotokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Tumewabembeleza kiasi cha kutosha. Sasa amkeni.

Wiki iliyopita hoteli nyingine imeniandikia. Wanataka maneno mia mbili kuhusu "utulivu wa maji." Nimewatumia maneno mia mbili kuhusu safari ya maji yao, kutoka kwenye bomba lao hadi kwenye kitanda cha mama. Hawajajibu. Kodi ni tarehe tano.