Kabla ya soketi, nunua bisibisi ya Kijapani

Wadau, leo tuweke kompyuta kando. Soketi za Koken ni tamu, sikatai, lakini ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, anza na bisibisi ya Vessel ya Osaka. Skrubu nyingi za nyota kwenye pikipiki za zamani za Japani ni za kipimo cha JIS, si Phillips. Kwa macho ni pacha! Ila ncha ya Phillips haizami vizuri. Ukitia nguvu inaruka na kula kichwa cha skrubu, kisha fundi analaumiwa bure. (Waandishi wa programu mnaujua ugonjwa huu: faili ni lile lile, muundo siyo.) Angalia kitone kidogo kando ya nyota, mara nyingi ndiyo alama yake. Seti ya vipande mia itasubiri.