Ukuta Unapoingia Ukumbini

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja jijini Dar es Salaam. Picha iliyokusanya watu wengi kuliko zote ilikuwa kolaji yenye ukubwa wa mlango: mabango ya kampeni yaliyochanika, matangazo ya waganga yaliyobanduliwa kwenye nguzo za umeme, tiketi za mabasi, na juu ya vyote alama ya X kwa rangi nyekundu, ile ile inayopigwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa kupisha barabara. Mgeni rasmi, mtumishi wa umma mwenye cheo, aliisifu kwa dhati. Alisema inatufundisha kuutazama mji wetu. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Aliyeitengeneza ni mwanafunzi wangu wa zamani. Miezi minane kabla ya siku hiyo, picha hiyo hiyo, ikiwa kubwa zaidi, ilibandikwa kwenye uzio wa mabati wa kiwanja cha ujenzi. Ilidumu siku mbili. Mgambo waliikwangua, na kijana akatozwa faini kwa kosa la kuchafua mji.

Simtuhumu mgeni rasmi kwa unafiki. Si yeye aliyewatuma mgambo. Ninachouliza ni kitu gani kilibadilika kati ya uzio na ukumbi. Karatasi ni zile zile. X ni ile ile. Nadhani waliobadilika ni watazamaji. Pale kwenye mabati walisimama mama lishe, madereva wa bodaboda na watu ambao nyumba zao zimewahi kupigwa X. Hao hawakuhitaji maelezo ya msanii. Ukumbini tulisimama sisi wenye kadi za mwaliko, tukishika glasi za juisi, tukijadili namna rangi nyekundu inavyoelemea upande wa kushoto.

Jambo hili si geni. Mwaka 1949, Raymond Hains na Jacques Villeglé walianza kubandua mabango yaliyochanwachanwa na wapita njia katika mitaa ya Paris na kuyafanya kazi za sanaa. Walipoyaonyesha mwaka 1957, maonyesho yao waliyapa jina la sheria: Sheria ya tarehe 29 Julai 1881. Ni sheria ya uhuru wa magazeti, nayo ndiyo inayotajwa hadi leo kwenye kuta za Ufaransa pale panapokatazwa kubandika matangazo. Mwaka 1961, vita vya Algeria vikiendelea, wakaonyesha mabango ya kisiasa yaliyoraruliwa, chini ya jina Ufaransa Iliyochanika. Wasanii wale waliingia ukumbini na ugomvi wao mkononi. Aliyetazama mabango yale alilazimika kujiuliza ni nani aliyeyabandika na ni nani aliyeyachana.

Nchini Italia mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2016 mjini Bologna yaliandaliwa maonyesho makubwa ya sanaa ya mitaani, na baadhi ya kazi zilikuwa zimebanduliwa kutoka kuta za mji. Msanii anayejulikana kwa jina la Blu, aliyekuwa amechora kuta za Bologna kwa takriban miaka 20, alichukua rangi ya kijivu na, kwa msaada wa wanaharakati, akazifuta kazi zake mwenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mkaidi. Siku hizi namwelewa zaidi, ingawa bado nasikitika kwamba waliopoteza ni wakazi wa mitaa ile.

Kwetu, mwandishi mkubwa wa kutani ni serikali yenyewe. Ndiyo inayopiga X, ndiyo inayoandika "Usibandike matangazo hapa". Vyama hubandika nyuso za wagombea, na nyuso hizo huendelea kututabasamia hata waliochaguliwa wakishasahau njia ya kurudi jimboni. Mwananchi hubakiwa na sentensi moja tu inayovumiliwa, nayo huiandika kwa kujihami: "Nyumba hii haiuzwi."

Wanafunzi wangu huniambia kwamba sanaa ya mtaani ingebaki mtaani, ukumbi ni usaliti. Sikubaliani nao. Msanii hula, hulipa kodi ya chumba, na Edward Saidi Tingatinga alipouza picha zake kando ya barabara katika miaka ya mwisho ya 1960 hakuona haya kupokea fedha za wageni. Wala sisemi kila ukuta ni halali ya kila mtu. Mwenye nyumba ana haki ya kuamka na kuukuta ukuta wake jinsi alivyouacha.

Ila kibandiko cha maelezo kando ya picha ile kilitaja jina la msanii, mwaka, vifaa na bei. Hakikutaja uzio, hakikutaja mgambo, wala faini. Mwenye ukumbi angeongeza mistari miwili. Na kwa watumishi wa halmashauri wanaonisoma: tengeni mabati ya miradi ya umma yawe wazi kwa wasanii, na pale mnapolazimika kufuta, andikeni sababu na jina la aliyeagiza, ili anayepinga ajue pa kukatia rufaa. Leo uzio ule una tangazo la kampuni ya mikopo. Nilipita juzi, lina miezi mitano sasa, na hakuna aliyelikwangua.