Sidi ya Arusi na Kompyuta Isiyokuwa na Ufunguo



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya sidi za filamu. Nyumba nyingi zingali nazo ndani ya sanduku, hata kama siku hizi watu wanatazama kwa simu. Sababu ya kuandika ni mama mmoja wa hapa Sange. Alikuja kwangu Jumamosi akiwa amefunga DVD moja ndani ya kitenge, anaibeba kama yai. Ilikuwa arusi ya kijana wake, iliyofanyika mwaka wa 2009. Kijana huyo alikufa tarehe 2 Julai 2010.

Msomaji wa mbali pengine hajui tarehe hiyo ina maana gani kwetu. Siku ile lori la mafuta lililotoka upande wa Tanzania lilipinduka hapa Sange, katika barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Mafuta yakamwagika, watu wakaja kuchota, wengine kushangaa tu, halafu moto ukawaka. Uliunguza nyumba za karibu na vyumba vya video pia, ambamo watu walikuwa wamekaa wakitazama Kombe la Dunia lililochezwa Afrika Kusini. Walikufa watu zaidi ya 230. Wengi hawakutambulikana, wakazikwa pamoja. Kwa hiyo yule mama hana kaburi la kuonyesha na kusema, mtoto wangu ni huyu. Ana DVD.

"Pasta," akaniambia, "wanasema kwako kuko kompyuta inayosoma kila kitu."

"Mama, waliokuambia wamezidisha," nikajibu. Lakini niliipokea.

Kompyuta yangu ni ya mkono wa pili, nilinunua Bujumbura. Ilikuja na Windows, na kwa muda mfupi virusi vikajaa ndani kama panya ghalani. Kijana mmoja wa kwaya akafuta yote akaweka Ubuntu. Huo ni mfumo huru: hulipi, unaweza kumpa jirani nakala bila kuvunja sheria, na mwenye ujuzi anaweza kuangalia ndani aone namna ulivyotengenezwa. Ulianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, juu ya msingi wa Linux, kazi ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianza mwaka wa 1991 akingali mwanafunzi. Jina lenyewe, wasemao Kirundi wanalisikia mara moja.

Sasa, niliogopa kuweka sidi ya mama, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuaibishwa. Dada yangu aliye Ubelgiji aliwahi kunitumia filamu mbili za watoto, sidi halisi za dukani. Nikawakusanya watoto wote wa jirani, nikaweka sidi, na tazama: picha za mraba-mraba, rangi ya kijani, halafu kimya. Watoto wakaniangalia. Nikadhani kompyuta imekufa.

Haikuwa imekufa. DVD za dukani zina kufuli. Zilipoanza kuuzwa mwaka wa 1996, kule Japani, makampuni ya filamu yalitaka picha zivurugwe ndani ya sidi, na ufunguo wa kuzipanga upya wapewe watengeneza mashini wanaolipa na kutia sahihi kwamba watautunza kwa siri. Mfumo huru hauwezi kutunza siri, maana kila mtu ana ruhusa ya kuangalia ndani. Tena kuko nchi, kama Marekani kwa sheria ya mwaka wa 1998, ambazo zinakataza kufungua kufuli ya namna hiyo. Basi wanaotengeneza Ubuntu wanakupa nyumba nzima, lakini ufunguo wa chumba hiki kimoja wanauacha nje.

Aliyejulikana sana kwa kuitafuta njia ni kijana wa Norway, Jon Lech Johansen. Mwaka wa 1999, akiwa na miaka 15, yeye na wenzake walitoa programu iliyofungua kufuli hiyo, na alieleza kwamba alitaka kutazama sidi zake kwenye Linux. Alishitakiwa. Mwaka wa 2003 mahakama ikamwachilia, upande wa mashitaka ukakata rufani, na mwaka huohuo akaachiliwa tena. Majaji waliona kwamba mtu aliyenunua sidi yake kwa haki ana ruhusa ya kuitazama. Mimi nasema wale majaji walifikiri kama watu wenye watoto nyumbani.

Ikiwa wewe pia kompyuta yako ya Ubuntu inakukatalia sidi ya dukani, itafutie intaneti mara moja tu, hata kama ni kwenda mpaka mjini. Fungua dirisha la amri, andika:

sudo apt install vlc libdvd-pkg

na ikimaliza:

sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Itakuuliza neno lako la siri. Unapoliandika hutaona herufi hata moja, usishituke, inasikia. Neno "sudo" linaiambia kompyuta kwamba mwenye nyumba ndiye anayesema. VLC ni programu ya kutazama filamu, alama yake ni ile koni ya machungwa na nyeupe ya barabarani. Wanafunzi wa shule kuu moja ya Paris waliianza mwaka wa 1996, na tangu 2001 ni huru kwa wote. Ufunguo wa kufuli umetoka kwa watu haohao. Ukikwisha kuuweka, intaneti haihitajiki tena kwa kutazama.

Kuko kikwazo kingine kwa wenye ndugu ng'ambo. Wauza filamu waliigawa dunia kwa kanda: Marekani ni ya 1, Ulaya ya 2, na sisi huku Kongo tuko katika ya 5 pamoja na India na Urusi. Sidi ya shangazi aliye Ubelgiji haikukusudiwa kwa ajili yako! VLC mara nyingi inapita. Lakini kompyuta ikikuuliza kama unataka kubadili kanda, usibonyeze ovyo: mashini ya kusomea inakubali mara 5 tu, kisha inabaki pale ilipo.

Nirudi kwa mama.

Sidi yake haikuwa na kufuli yoyote. Sidi za arusi zinachomwa na mpiga picha mwenyewe, hakuna anayezifunga. Ugonjwa wake ulikuwa uzee. Sidi ya dukani inagongwa muhuri kiwandani, lakini hii ya kuchoma inaandikwa kwa mwanga juu ya rangi nyembamba iliyo ndani ya plastiki, na rangi hiyo inaharibiwa na jua na joto. Nanyi mnajua joto la bonde letu la Ruzizi. Tena ilikuwa imefutwa-futwa na kitambaa kwa kuzungusha. Usizunguushe kamwe. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, toka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja.

VLC ilionyesha dakika chache, ikakwama. Nikasimamisha mara moja, maana kumlazimisha mgonjwa atembee si dawa. Nikatumia programu nyingine huru, ddrescue (kwenye Ubuntu unaiweka kwa jina la gddrescue). Hii haitazami filamu, inanakili. Inachukua kwanza sehemu zote zilizo nzima, halafu inarudia zile mbovu, na inaandika katika daftari lake imefika wapi, ili umeme ukikatika usianze upya. Umeme ulikatika, ndiyo. Nikaazima betri ya vyombo vya kwaya. Ilichukua siku mbili, na sidi ikiguna kama kinu.

Zilipatikana karibu zote. Kilichopotea ni kipande cha kukata keki na wimbo mmoja.

Mama alikuja jioni na jirani zake wawili. Bwana arusi alipotokea mlangoni mwa kanisa, akijipangusa jasho, mama hakulia kama nilivyotazamia. Alisema tu, "Pasta, rudisha kwanza." Nikarudisha. "Rudisha tena." Tulikaa na kile kipande cha mlangoni pengine robo saa, nami sikuthubutu kuuliza kama tuendelee.

Halafu akaomba nakala kwa ajili ya mjukuu wake aliye Kamituga kwa mjomba, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya moto na hajawahi kusikia sauti ya baba yake. Hapo nikakutana na shida nilizosahau: faili ilizidi giga 4, na flashi nyingi zimepangwa kwa namna ya zamani, FAT32, isiyokubali faili kubwa hivyo, hata kama flashi ina giga 32 na ni tupu. Nikaipanga upya kwa exFAT, ikapita. Mwenye flashi afahamu kwamba kuipanga upya kunafuta vyote vilivyo ndani. Na kwa vijana wanaofikiri wameona biashara: nimenakili arusi ya mama kwa ombi la mama. Filamu ya mtu mwingine ukiizidisha sokoni ni wizi, mimi sikukutuma.

Flashi imeondoka Jumanne na dereva wa Bukavu. Ni nyeusi, ina uzi mwekundu. Ikiwa uko Kamituga, una kompyuta, na kijana akaja kwako nayo akisema haifunguki, weka VLC, bonyeza faili iitwayo arusi.iso, umpe kiti.