Tusilidharau Doa la Buluu

WAYA wa shaba ukipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Lakini iko jamii ya vitu ambavyo tabia yake ni kinyume: joto likizidi, nao umeme hupita kwa wepesi zaidi. Miongoni mwavyo ni ftalosianini, molekuli yenye umbo la pete, ambayo katikati yake atomi moja ya madini, kama vile shaba au chuma, hushikwa na atomi nne za naitrojeni. Pete ya namna hiyo ndiyo pia inayoshika chuma katika damu yetu.

Historia yake ina mafunzo. Mwaka 1928, katika kiwanda cha rangi huko Grangemouth, Uskochi, chombo kilichokingwa kwa kioo kwa ndani kilipata ufa. Kemikali zikagusa chuma, likatokea doa la buluu ambalo hakuna aliyelitarajia. Wangaliweza kulisugua likatoka, kazi ikaendelea, wao wakalichunguza. Mwaka 1935 rangi ya jamii hiyo, yenye shaba, ikaingia sokoni, na hadi leo imo katika wino wa buluu wa wapiga chapa.

Mwaka 1948, D. D. Eley wa Uingereza na A. T. Vartanyan wa Urusi ya Kisovieti, kila mmoja peke yake, walionyesha kwamba rangi hiyo ni nusu-kipitishi: joto huzipa elektroni nguvu ya kujinasua na kubeba umeme. Mwaka 1986, C. W. Tang, huko Marekani, alitangaza kifaa chenye utando wa rangi hiyo kilichogeuza mwanga kuwa umeme kwa kiasi cha asilimia 1.

Tumeyaeleza haya kwa makusudi. Shaba imo tele katika ardhi ya Zambia na Kongo; lakini pete inayoishika ilitoka maabarani. Anayeuza madini matupu huuza kitovu cha pete, kisha huinunua pete nzima kwa bei ya mwenye elimu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaoona kuwa fedha za maabara za shule ni anasa ya kupunguzwa kwanza. Kutoka doa hadi kuutambua umeme wake ilipita miaka 20. Faida ya namna hiyo haipimwi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Viongozi wazilinde fedha hizo. Nao walimu, mwanafunzi akipata jibu asilolitarajia, wasimwamuru alifute. Kwanza wamwulize ameona nini.